Kati ya Kuamini na Kujua

Msoma mita za maji hakuandika tarakimu ambayo jicho lake halikuiona. Wenzake walipokuta geti limefungwa walikadiria kwa kufuata mwezi uliopita. Yeye aliandika neno moja, "Sikuona", na hilo likawa jina lake.

"Sikuona, siku ya harusi bibi harusi ulimhakiki au ulikadiria?" walimtania.

"Nilifunua shela," alijibu, bila kucheka.

Alikuwa na mdogo wake, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, aliyekaa naye ua mmoja. Jumamosi moja adhuhuri mota iliibwa stoo, na kufuli halikuvunjwa. Mdogo mtu alisema saa hiyo alikuwa amelala nyumbani. Shahidi pekee alikuwa kaka yake, aliyepitia mlangoni kwake saa hiyo kuchukua betri ya tochi.

Mbele ya kamati ya nidhamu mwenyekiti aliuliza, "Unajua kwamba alikuwa ndani?"

"Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Redio yake ilikuwa inasema. Naamini alikuwa ndani."

"Sikukuuliza unaamini nini. Unajua?"

"Kaka, sema basi!" mdogo wake alinong'ona.

Kaka mtu alivipima alivyoviona. Mwenye viatu huweza kutoka na viatu vingine, na redio haihitaji msikilizaji ili iseme. "Pazia lilikuwa limeshuka," alisema. "Sikumwona. Sijui."

Mdogo wake alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo.

Nyumbani mama yao alimkabili jikoni. "Viatu mlangoni, redio inasema, wewe ulitaka nini zaidi, mwanangu? Cheti?"

"Mama, dalili si mtu."

"Na ndugu je, si mtu?"

Baada ya miezi sita fundi wa kiwanda alikamatwa na mota nyingine, na ufunguo wa bandia mfukoni. Akakiri kuiba mota zote mbili. Mdogo mtu alisimama katikati ya ua, akapaza sauti majirani wasikie: "Nilikuwa ndani! Ulijua, ukaninyima neno moja!"

"Niliamini, na imani yangu ikatokea kuwa kweli. Ingeweza kutokea vingine, na mimi ningekuwa nimesimama pale pale, nimeona viatu vile vile."

Wapo wanaosema huo ni ukaidi. Mimi sisemi hivyo. Anayetamka "najua" kwa sababu anampenda mtu, kesho atalitamka kwa sababu anamchukia mwingine, na kamati haitakuwa na njia ya kuzitenganisha kauli hizo mbili. Lakini asiseme mtu kwamba ukweli hauna bei, wala kwamba anayeushika ndiye huulipia peke yake.

Kazi ya stoo ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Mdogo mtu alihama ua na mkewe na watoto, akawa kibarua wa kupakia saruji hadi mgongo ulipomshinda. Ni mwaka wa tisa sasa, na hajamwita tena kaka.