Amulen na Kura ya Masikioni

Amulen wa Buteba alijaliwa sauti ya kuzima honi za malori. Aliinoa akiuza mitumba mpakani Busia, mpaka shirika moja la utafiti likamwajiri kuuliza watu vijijini: mhalifu aadhibiwe vipi?

Jibu lilikuwa lile lile kila boma. "Mwizi? Apigwe!" Mume akisema hivyo, mke aliitikia. Lakini mume akienda kuhamisha mbuzi, mke alinong'ona, "Akirudisha, mwache tu." Amulen akabaki njia panda. Aandike lipi?

Siku ya gulio akasikia kelele. Okia, mfyatua matofali, alikuwa amenaswa akiwa na jogoo wa Mama Alungat kwapani. Umati ulimzingira, fimbo juu, na Mzee Ojangole akipiga kelele kuliko wote: "Afundishwe adabu!"

Amulen akajipenyeza hadi katikati.

"Wanaotaka apigwe, mikono juu!" Mikono ikapaa kama mtama shambani. "Vizuri. Sasa kila mtu aje aniambie sikioni. Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Watu wakacheka, lakini wakaja. Mama Alungat akanong'ona, "Mimi nataka kuku yangu tu." Mwingine: "Alipe kwa jasho." Kijana mmoja tu: "Apigwe, lakini waanze wengine." Alipofika Mzee Ojangole, alitazama huku na huku kwanza. "Binti yangu, mwambie apite nyuma ya choo. Mimi nitaangalia kando."

Amulen nusura aangue kicheko. Akapanda juu ya kreti la soda.

"Wazee wangu, akina mama! Anayetaka kupiga ni mmoja tu, na yeye anangoja wengine waanze!"

Kicheko kikalipuka, fimbo zikashuka moja moja. Jogoo akarudi kwa mwenyewe. Okia akaomba radhi, akakubali kuzibua mtaro wa soko uliokuwa umewashinda wote.

Jioni Amulen alimpigia msimamizi wake, Joanita, akamsimulia yote.

"Kumbe tumekuwa tukipima woga wa majirani!" Joanita akasema. Tangu hapo kila mtu akaulizwa peke yake, na majibu kutoka maeneo ya Kirewa na Buhehe yakaja na upole ambao hakuna aliyeutarajia.

Okia naye alizama mtaroni, matope magotini, Mama Alungat akimsimamia na jogoo wake mkononi: "Chimba hapo vizuri, baba! Hapo bado!"