Siku Nilipofuta Cheti cha Tovuti ya Shule

Naandika haya nikiwa bado nazunguka nyuma ya madarasa ili nisipite mbele ya ofisi ya mkuu, na kama kuna atakayesoma akacheka, acheke tu, maana wazazi wa hapa kijijini kwetu Runazi walishacheka kabla yake.

Shule yetu ina chumba kimoja cha kompyuta, na ina tovuti ambayo wazazi huifungua kwenye simu zao kuona matokeo yetu. Siku ile kulikuwa na kikao cha wazazi cha kuamua jambo lililotukosesha raha sisi wa klabu ya kompyuta: chumba kibaki chetu, au kiwe stoo ya mahindi na maharage ya chakula cha mchana, ambayo wazazi wamechangia mpaka jikoni hapapitiki. Mwalimu Rwegasira anayetufundisha alikuwa na msiba Ngara, akaniachia mimi funguo na neno la siri la seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti yetu (mimi, ambaye nikiitwa jina asubuhi hata jirani yangu wa dawati hasikii nikiitika!). Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha tovuti inafunguka wazazi watakapoonyeshwa, basi.

Nikawasha kompyuta, ambayo ilikuwa imezimwa wiki nzima kwa sababu umeme wa sola ulikuwa hautoshi, nikafungua tovuti, likatokea onyo jekundu kwamba cheti cha usalama hakiaminiki. Cheti hicho ni kama kitambulisho cha seva: simu au kompyuta hukikagua kwanza, ikiridhika ndipo inakufungulia ukurasa. Nilitakiwa niende kwa mkuu nimwombe simu nimpigie mwalimu (sisi wanafunzi haturuhusiwi simu), lakini kubisha hodi kwa mkuu, nisimame, niseme sentensi nzima mpaka mwisho... nikaona heri nijaribu mwenyewe.

Nilishamwona mwalimu akiomba cheti kipya, ni mstari mmoja tu wa maagizo na kinatolewa bure. Nikaomba, kikaja, nikafungua: jekundu. Nikawaza labda cha zamani kinagombana na kipya, nikafuta vyote, nikaomba tena: jekundu. Hapo hata woga ulikuwa umeniisha, nimebaki na hamu ya kujua ni nini hasa kinachokataa, nafuta naomba, nafuta naomba, mpaka nikafuta kilichopo na wanaotoa vyeti wakanijibu kwamba nimeomba mara nyingi mno, nirudi baada ya siku kadhaa. Seva ikabaki haina cheti hata kimoja.

Rafiki yangu Editha akachungulia mlangoni. "We Jenista, wazazi washakaa. Mbona umekauka hivyo?"

"Nimefuta cheti."

"Si uombe kingine?"

"Wamekataa."

Akaja kuangalia kioo, macho yakamshuka mpaka kwenye kona ya chini. "Mbona hapa wameandika mwaka ambao hata chekechea hatujaanza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kibetri cha ndani kinachotunza saa kilikuwa kimekufa, kompyuta ikadhani iko miaka ya nyuma, na kila cheti ikakiona hakijafika siku yake ya kuanza kutumika. Vyeti vyote vilikuwa vizima! (Na chini ya onyo waliandika kwa herufi ndogo kwamba niangalie saa. Sikusoma, wekundu ulinitosha.)

Editha akanivuta mpaka kikaoni, na kule mkuu akasema, "Wazazi, toeni simu mjionee wenyewe." Wakatoa. Mama mmoja akapaza sauti, "Mbona inaniambia kuna wezi humu?" Mkuu akanigeukia. "Jenista, simama uwaeleze."

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba!"

Sijui nini kilinipata, nilipoanza sikuweza kunyamaza, nikaeleza yote mpaka kibetri. Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga, akainua fimbo. "Ng'wanone, yaani mwanangu, saa yako ndiyo mbovu, halafu ukamchinja jogoo kwa kuwika mapema?"

"Ndiyo, babu."

"Na jogoo mwingine ukamchinja?"

"Ndiyo, babu."

Kikao kizima kikavunjika mbavu. Walipopiga kura, mahindi yalishinda. Kompyuta zetu sasa ziko kona moja karibu na dirisha, kuna vumbi la pumba kwenye kila kitufe, na tunazitumia siku ambazo mpishi hapimi unga.

Mwalimu aliporudi alibadilisha kibetri, na siku zilipotimia akaomba cheti, tovuti ikafunguka. Hakunigombeza. Aliniambia tu nisifute cha zamani kabla sijakiona kipya kikifanya kazi. Aliyeniumiza ni mkuu: "Simu ilikuwa hapa mezani, binti. Ungegonga tu."

Nimeapa kuanzia sasa nitagonga. Jana nilijaribu, sikuwa hata na shida, nilitaka tu kuzoea. Akasema, "Karibu." Nikakimbia.