Chuma ya Chantier na Kilio Yangu

Ilikuwa ule mwaka maharagi ilioza mu mashamba juu ya mvua, tukakula makemba, ile ndizi ya kupika, asubui, makemba midi, makemba mangaribi, mpaka batoto bakaanza kukimbia sahani, na kama ninaelezea hii haya yangu leo ni juu Kasugho yote imekwisha kuicheka bila miye, basi na miye nicheke kidogo.

Mujukuu wangu Kahindo anasoma université kule Butembo. Akatuletea professeur wake, mutu wa Kisangani, na banafunzi benzake, bachimbe pale mu pori penye bazungu balikuwa na chantier ya kupasula mbao wakati wa baba yangu. (Kuchimba ni kusema tu: banafagia udongo na brosse, sawa banasugua meno ya dunia.) Na balitosha nini mu udongo? Mikebe ya sardine yenye kutu, chupa, kisigino ya kiatu, kijiko bila mukono, na kila kitu banaiweka mu sachet pole pole sawa padri na hostia.

Nikabaonea huruma. Nikamwambia professeur: "Mwanangu, acha takataka. Kwangu kuko kitu ya ile chantier yenye iko nzima."

Njo ile sahani kubwa ya chuma yenye meno, yenye ilikuwa inapasula miti. Wakati chantier ilikufa, baba yangu aliibeba ku kichwa, akaitundika ku muti ya avoka, na tangu pale njo kengele ya shirika yetu ya kanisa. Siku ya yenga, siku ya Mungu, napiga pole pole, batu banakuya kusali. Mutu akikufa, napiga bila kupumuzika, batu banakuya kulia.

Professeur akaizunguka, macho karibu imutoke. "Koko, bibi yetu, utupatie, tuipeleke Butembo, batu bote baione."

"Hapana. Ile chuma itabaki hapa kwangu."

Hakukasirika. Mvua ilikuwa karibu, banafunzi bakatandika bâche, ile turubai yao, mu lupango yangu mbele ya nyumba juu ya kupanga mikebe yao chini yake, bakapika muchele na makayabu, samaki ya chumvi, bakaniwekea sahani ya kujaa. (Makayabu, ule mwaka. Nilifunga mulango ya lupango juu jirani basisikie harufu.) Nilikuwa nimefika nusu ya sahani, professeur akatosha telefone: "Basi koko, tusikie hata sauti yake tu."

Nikapiga kidogo. "Encore, koko, telefone haikushika muzuri." Sasa mutu amekula makayabu, mutu wa Kisangani anamusikiliza sawa askofu, atapiga namna gani? Nilipiga bila kupumuzika mpaka mikono ikauma, kiisha nikarudia sahani yangu, nimejaa kiburi.

Kidogo tu, nikasikia mayowe ku njia. Jirani yangu Kavira, mbele ya benzake, kuni ku kichwa, kitunga ku mukono: "Masika, wee Masika, umeniacha na nani?" Nilikuwa nimekohoa juma nzima, batu balisikia chuma, bakasema Kahindo njo amenipigia (yeye alikuwa ameenda kuchota maji), bakaona na bâche imetandikwa kwangu sawa ku kilio, basi, nimekwisha.

Ningetoka niseme niko muzima, ingeishia pale. Lakini makayabu ilikuwa mu kinywa, na mulango nilikuwa nimebafungia, haya ikanishika, nikaingia na sahani yangu mu jiko, nikajifungia, banafunzi njo bakabafungulia.

Paluku, mutoto wa dada yangu, akafika na bêche ya kuchimba kaburi, akaona banafunzi na udongo ku magoti, akabashika mikono moja moja: "Aksanti sana batoto, mumekwisha kuanza kuchimba."

Professeur akafikiri anamushukuru juu ya mikebe. "Ni kazi yetu, papa."

Miye nyuma ya mulango nasikia kilio yangu. "Alikuwa mukali," Kavira analia, "kila asubui ananitukana juu ya mbuzi yangu. Kesho nani atanitukana?" Machozi ikanitoka, nikameza vibaya, mwiba ikakaa mu koo, nikakohoa mpaka sufuria zikaanguka.



"Maiti inakohoa," Paluku akasema.

Kavira njo alifungua. Akaniangalia, akaangalia sahani. "Masika. Unakula samaki mu kilio yako?"

Batu bakacheka, kiisha bakakasirika, juu Kavira alikuwa ameleta kitunga ya maharagi, ile ya mbegu, yenye alikuwa anaficha aipande. Nikamwambia airudishe, akakataa: chakula ya kilio hairudiake nyumbani. Bakaipika, tukaikula siye bote chini ya bâche, na ile makayabu yangu yenye ilibakia, na miye sikuinua macho.

Paluku akapanda ku avoka, akashika kamba. "Professeur, peleka hii chuma. Huyu mama asituite tena ku kilio ya uongo." Bote bakaitika. Nikaona mu mawazo baba yangu na ile muzigo ku kichwa.

"Na siku nitakufa kweli," nikauliza, "mutajua na nini?"

"Tutajua," Kavira akajibu, analamba kijiko. "Kutakuwa kimya."

Bakacheka mpaka Paluku akateleza ku muti, kamba ikabakia vile ilikuwa. Tangu pale sipigi tena chuma juu ya telefone ya mutu, hata ya askofu, na makayabu naikula mulango wazi. Professeur alirudi wakati ya kupanda, analetea Kavira maharagi ya mbegu (miye njo nilimuomba, lakini musimwambie Kavira), na kwangu muchele, akakaa chini, akaniuliza pole pole: "Koko, na ile chuma?"

"Hapana. Ile chuma itabaki hapa kwangu."