Mwanamume Aliyenyolewa Pamoja Nasi

Haya yalitokea nyumbani kwetu karibu na Shianda, miaka ya tisini, na wengi walioyaona wangali hai. Ukitaka kubisha, bisha nikishamaliza. Mimi si mtu wa kuona mashetani kila kichakani. Nilikuwa fundi cherehani mjini Kakamega, nashona sare za shule kutwa nzima, na usiku nikilala nimelala. Lakini mwaka ule, jamani, nilimwona ndugu yangu aliyekufa amekaa ndani ya mtu mwingine, na mtu huyo nilimjua vizuri sana.

Aliitwa Gilbert, kijana wa Khwisero, mtanashati, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa mpenzi wangu pale mjini, na mwanzoni nilijiona nimebahatika kuliko wasichana wote wa Kakamega. Kidogo kidogo akaanza kuniganda. Nikizungumza na mteja, ananuna. Nikisema nimechoka, analia. Analia kwelikweli, machozi na kamasi, mpaka mimi ndiye namwomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Alipenda sana kusikia habari za kwetu, hasa za kaka yangu Makokha, mtoto wa pekee wa kiume wa mama yetu. Baba alikuwa ameshafariki. Basi nikamsimulia, kama wapenzi wanavyosimuliana. Siku niliyomwambia tuachane, ajabu, hakulia. Alitabasamu.

"Utaenda wapi ambako mimi sipo?" akaniuliza.

Nikadhani ni maneno ya mtu aliyeumia tu. Ungekuwa wewe ungedhani nini?

Mwaka haukuisha, Makokha akafa. Trela la miwa lilipinduka upande wa Ekero naye akiwa juu yake. Sitakueleza habari za msiba huo kwa urefu, maana hata leo siwezi. Ila Gilbert alikuja. Sijui nani alimpasha habari. Alipasua kuni, akateka maji, akakesha motoni na wanaume, akalia kuliko sisi wenye mtu wetu. Kila mmoja alidhani ni rafiki wa marehemu. Mama aliponiuliza ni nani, nilikuwa sina nguvu hata ya kuinua shingo, nikajibu kwamba ni mtu wa mjini, namfahamu.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wa damu hunyolewa nywele. Si marafiki wala majirani. Ni watoto, ndugu na binamu, wale ambao kifo kimewagusa. Ukinyolewa pale, umehesabiwa mtoto wa boma lile. Mimi nilinyolewa upande wa wanawake, na nilipotoka nje nikishikashika kichwa changu kitupu, nikamwona Gilbert kwenye mstari wa binamu zangu, ameinama, wembe unapita. Mzee aliyekuwa akinyoa hakuuliza kitu. Nani atauliza kichwa kilichoinama matangani? Mama alimtazama, akasema huyu anamlilia mwanawe kuliko ndugu zake. Nikanyamaza, nikarudi mjini kazini.

Mwezi uliofuata nilikuja kumwona mama. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miwa nilipoingia uani, na mbele yangu kulikuwa na mwanamume amebeba majani ya ng'ombe, amenipa mgongo. Amevaa buti za mpira za Makokha. Anaburuta mguu wa kushoto. Makokha alichomwa wayo na kisiki cha muwa utotoni, na tangu hapo alikuwa akiuburuta hivyo hivyo. Yule mtu akapiga mluzi kumwita ng'ombe, mluzi wa Makokha hasa, wa kupanda halafu kukatika. Mkoba ukaanguka. Nikaita jina la kaka yangu.

Akageuka. Niamini, kufumba na kufumbua, uso ule ulikuwa wa Makokha, pengo la jino na yote. Kisha ukawa wa Gilbert, anatabasamu.

"Karibu nyumbani, dada," akasema.

Nilikimbilia jikoni. Nikamwambia mama kila kitu pale pale, kwamba huyu alikuwa mpenzi wangu, nilimwacha, ni mtu wa kumfukuza leo hii. Mama aliendelea kusonga ugali. Hakushtuka hata kidogo.

"Ameshaniambia," akasema. "Alisema utamkasirikia. Alisema ulimwacha ukaenda na bwana ya mtu huko Kakamega."

Umeona ujanja huo? Nilikuja na ukweli wangu nikakuta kiti chake kimeshakaliwa. Kumbe Gilbert alikuwa anaishi kwenye simba ya Makokha, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa kwetu hujijengea uani kwao akishakua. Alikuwa anakama, anapalilia miwa, anasikiliza redio ya marehemu. Na mama, aliyekuwa amekataa chakula tangu mazishi, sasa alikuwa anakula na hata kucheka. Ningefanya nini? Ningemnyang'anya mama kicheko?

Siku hiyo mama alikuwa amempikia Gilbert ingokho, yaani kuku. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mwanamke haigusi, na zamani mama zetu hata kuku mwenyewe hawakumla. Mama akaiweka firigisi kwenye sahani ya Gilbert kana kwamba ni jambo la kawaida. Nikaumia, nikainamisha macho. Mama alipotoka kuchukua maji, Gilbert akaikata firigisi katikati, akaificha nusu chini ya ugali wangu, akajiwekea kidole mdomoni.

"Kula haraka," akanong'ona. "Ukisema, nitakufa."

Makokha alinifanyia hivyo hivyo tukiwa watoto, nyuma ya ghala, kwa maneno hayo hayo. Mambo mengi ya kwetu nilimsimulia Gilbert, sikatai. Hilo sikumsimulia. Sikuwahi kumwambia binadamu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimeapa. Basi nani alimwambia? Niambie wewe.

Tangu hapo kila nilipokuja nilimkuta mama amesogea mbali nami zaidi. Gilbert alianza kuota ndoto, na kila asubuhi alimletea mama ujumbe wa Makokha pamoja na chai. Makokha anasema dada aache kazi ya mjini. Makokha anasema dada ana kiburi. Mama, ambaye zamani alikuwa akinishika mkono nisiondoke, akaanza kuniuliza narudi lini. Nilikuwa nampoteza mama yangu akiwa hai, anapumua, ananitazama, na hakuna matanga ya kulilia kitu kama hicho.

Halafu ikaja ndoto kubwa. Mama aliniita, uso unang'aa, akaniambia Makokha ametaka Gilbert anioe ili boma lisizimike. Nikasema siwezi hata kwa bunduki. Mama akanijibu kwa upole kwamba nikimkataa Gilbert nimemkataa marehemu, na nisikanyage tena uani kwake. Alisema hivyo mama aliyenizaa.

Lakini kwetu msichana haozwi bila senje yake, shangazi upande wa baba. Mama mwenyewe alituma aitwe. Senje Rispa alifika kutoka Matungu mchana kweupe, mwanamke mnene, mpole wa kutisha, akakaa, akanywa chai yake yote kabla ya kusema neno. Kisha akamuuliza Gilbert kama kweli alinyolewa matangani.

Gilbert akajipapasa kichwa kwa fahari. "Nilinyolewa, senje. Mimi ni wa hapa."

Senje akamwambia kwamba mtu haoi mtoto wa boma alikonyolewa. Akayasema kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Mabega ya Gilbert yakalegea, mguu wa kushoto ukajivuta chini ya kiti, na mdomo wake ukatoa sauti ya Makokha. Si ya kuiga! Nilikua nikiisikia sauti ile.

"Senje, hunijui? Mimi ni Makokha wako."

Mama aliinuka, mikono wazi. Senje hakutikisika.

"Ukiwa Makokha, mmenyonya titi moja," akasema. "Ukiwa Gilbert, mmenyolewa na wembe mmoja. Chagua yule unataka. Njia zote mbili huyu ni dada yako, na hutamgusa."

Nilimwona akitafuta pa kupitia kichwani mwake asipate. Alikuwa ameingia kwetu kwa ustadi mno, akajifungia humo mwenyewe. Furaha iliyonipanda pale siwezi kukueleza, nilitamani kupiga vigelegele. Alivua buti taratibu, akaziweka mlangoni, akashika njia ya kwenye miwa peku, anaburuta mguu. Mbwa wetu, ambaye hakuwahi kumfuata mtu ila Makokha, alimsindikiza mpaka pembeni mwa shamba akitikisa mkia. Na mama akapiga yowe lile lile alilopiga siku ya trela.

Unadhani yameisha? Mimi pia nilidhani.

Baada ya muda alikuja mama mmoja mwembamba, akauliza kama hapa ndipo kwa kina Makokha. Alikuwa mama yake Gilbert, ametoka Khwisero. Alikataa chai. Akatueleza kwamba kijana wake amerudi lakini hamtambui. Anachechemea. Anaita ng'ombe kwa mluzi ambao kwao hakuna anayeujua. Kila jioni anamuuliza yeye aliyemzaa, mama yangu yuko wapi.

"Nirudishieni wangu," akatuomba, "na nyinyi mkuje mchukue wenu."

Kwa nini sikucheka? Kwa sababu mama yangu alikuwa ameshainuka anatafuta leso yake aende naye. Nilisimama mlangoni, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, akanipiga mgongoni kwa ngumi kama mtoto, mpaka akachoka. Yule mama wa watu aliondoka peke yake. Namhurumia mpaka leo, na sikumsaidia.

Miaka ilipita kabla mama hajazungumzia jambo lile. Tulikuwa tunachambua mboga, na bila kuniangalia akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba yule si mwanawe. Alijua, akakubali. Akasema ni mimi, bintiye, niliyemzika Makokha mara ya pili, na mara hii alikuwa bado anaongea. Ananipenda, najua, na ananipikia nikija. Ila hajanisamehe, na ni mzee sasa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, usicheze. Ukimwacha mtu wa namna ile, usiende ukalala ukidhani amebaki nyuma. Nenda nyumbani siku hiyo hiyo, mtajie mama yako jina lake, mweleze alivyo na alivyokutenda, hata kama unaona haya. Mweleze angali na moyo mzima. Msiba ukishaingia utakuwa umechelewa, kwa sababu mama aliyefiwa hatakuuliza aliyebisha hodi ni nani. Atafungua.