Razha ya Kutukaribisha Ibra

Kila Idi, harufu ya baruti ikinifikia hapa Ibra, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Wanangu hunicheka. "Mama, watu wanafurahi tu hao." Najua. Lakini pua haisikii maneno.

Mtaa wetu leo una msikiti na maduka. Nilipoujua mimi ulikuwa nyumba chache uwanjani, za watu waliotoka Unguja na mabegi ya nguo, wakarudi nchi ya mababu ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Wenyeji walitutazama kwa mbali. Kiarabu chetu kilikuwa kibovu, na wanawake wetu wakicheka walisikika mpaka mashambani. Maji ya falaji, ule mfereji wa mji, hatukuwa na zamu nayo; tuliteka ya kuombaomba.

Baba na Mama walikuwa Maskati wakitafuta kazi. Mimi na mdogo wangu tulibaki na Bibi.

Alasiri moja zikalia bunduki. Kwanza moja, kisha nyingi, na ngoma, na sauti za wanaume zikija upande wetu. Bibi alikuwa akipeta mchele, ungo ukamponyoka. Mtaa mzima ulifunga milango. Akatusukuma mvunguni mwa kitanda.

"Msikohoe. Hata mkiitwa majina yenu, msiitike."

Nilijikojolea kwa hofu. Mdogo wangu naye akafuata, maana siku zote aliniiga.

Bibi mwenyewe hakujificha. Aliegemeza mgongo mlangoni, nami niliiona miguu yake tu. Bunduki zikafika uwanjani, zikanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko milio.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa mzee wa Ibra aliyewahi kuwa na duka Unguja.

"Mbona mmejifungia, bibi? Hii razha, ngoma yetu ya heshima, na bunduki ni za shangwe tu. Wazee wamekuja kukukaribisheni. Wallahi, wakirudi bila kufunguliwa mlango hata mmoja, hawaji tena."

Miguu haikusogea. Nilidhani Bibi hakusikia. Kisha nikasikia komeo.

"Karibuni," alisema, kwa sauti nisiyoijua.

Milango mingine ikafunguka baada ya wetu. Majamvi yakatandikwa, kahawa ikapikwa, na wazee wale, kabla ya kuondoka, wakatugawia zamu ya falaji. Ndivyo mtaa huu ulivyoanza kuwa mtaa.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikicheka. Nilisema Bibi aliogopa ngoma ya kukaribishwa, mpaka aliposikia Kiswahili moyo ukamtulia. Shangazi alikuwa akinisikiliza bila kucheka. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema siku moja, Bibi ameshafariki, akanieleza namna Babu alivyopotea.

Kule Unguja pia bunduki zililia, zikanyamaza. Kisha watu wakaja mlangoni, wakapiga hodi kwa adabu, kwa Kiswahili. Babu akaitikia karibu, akafungua. Hakuonekana tena.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake. Alijua hodi inaweza kuleta nini, na bado hapa Ibra alifungua.