Taipureta Niliyoichagua kwa Kuinyanyua

Nichekeni tu, maana mke wangu hajaacha mpaka leo. Kijiji chetu cha ujamaa, hapa Kwihara, kilinituma mimi katibu wake nikachague taipureta mjini Tabora. Dukani kwa mzee Nassoro, kule Ng'ambo, zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nyingine ilikaa ndani ya kisanduku chepesi chenye mpini, nikaipenda papo hapo: mchana ingefanya kazi ofisini, jioni ningeibeba nyumbani, majirani wanione.

"Ifungue kwanza uitazame, mwanangu," alisema mzee. "Hii marehemu baba alikuwa..."

"Mzee wangu, mimi na mashine tunajuana," nikamkata kauli. Kusema kweli sikuwahi kugusa taipureta, na niliogopa ataniambia niijaribu.

Siku ya mkutano nikaiweka mezani mbele ya kijiji kizima, nikafungua kisanduku kwa madaha. Herufi zote zilikuwa za Kiarabu, nami Mmoraviani hata alifu siijui.

Mwenyekiti wetu, Mkatoliki, akainama akazitazama, kisha akanigeukia taratibu.

"Haya, Ndugu Katibu. Anza na Bismillahi, tukuone."