Talaka ya Mkopo

Mdogo wangu huongea na misumari mdomoni. Ni fundi wa makochi, na ile misumari midogo huibana kati ya midomo ili mikono yote miwili ibaki na kitambaa. Mteja akimuuliza bei hujibiwa kwa mguno, ikabidi akisie mwenyewe. Mtaani wanamwita Sponji. Jina lilimganda kwa sababu ya vumbi la sponji linalomjaa kwenye nyusi kutwa nzima, na pia, tusifichane, kwa sababu ukimbonyeza anabonyea. Nimemlea tangu mama yetu atutoke, na mpaka leo sijui upole ule aliutoa wapi, maana kwangu hakuutoa.

Upole huohuo ndio uliomponza. Mwenye hoteli mmoja alimwagiza makochi ya ukumbi mzima, akaahidi kulipa kazi ikikamilika. Sponji akakopa benki, akanunua mbao, vitambaa na mashine mpya, akashona bila kupumzika. Hoteli ikafungwa, mwenyewe akatokomea na makochi yake. Mdogo wangu akakopa kwingine ili alipe pale, kisha akakopa kwingine tena ili alipe kule, na muda wote huo hakumwambia mkewe kitu. Alikuwa akirudi nyumbani anapiga mluzi.

Wifi yangu alizijua habari za mikopo siku madalali walipogonga mlango. Ni msimamizi wa dobi ya hospitali, mwanamke wa kunyoosha mambo, shuka zake zinakunjwa kona kwa kona. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, hata viatu hajavua. Wakatoa friji, wakatoa kabati, wakarudi wakatoa kitanda kikiwa kimetandikwa. Majirani walijaa uani wakitazama, na wengine walibeba watoto mabegani ili nao waone. Wifi aliwaomba madalali wampe shuka zake tu, wakampa.

Sponji alilipa, na hilo nataka lieleweke. Ilimchukua miaka. Aliwashonea watu makochi ya starehe huku yeye, mkewe na binti yao wakikalia ndoo za plastiki, lakini alilipa mpaka senti ya mwisho, akapewa barua ya kumaliza deni. Barua ile aliitia kwenye plastiki ngumu isiingie maji, akawa anatembea nayo.

Ndipo ikapatikana nyumba. Vyumba vitatu mwisho wa mtaa, paa la bati, ua mdogo wa kuanikia nguo. Wifi hajawahi kuomba kitu tangu aolewe, ila nyumba ile aliitaka mpaka ikamnyima usingizi. Wakaenda benki kuomba mkopo wa nyumba, yeye na karatasi zake za mshahara, mume na barua yake ya plastiki. Mimi nilibaki nje nikiwashikia miavuli, lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi na masikio yangu ni mazima.

Afisa mikopo alikuwa binti mpole, upole ule wa ofisini unaokutia baridi. Aliisoma barua, akaisifu, akairudisha. Akasema mume na mke hupimwa pamoja, na jina la mume lilikaa miaka kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Ndiyo, alilipa, hongera, lakini kompyuta inakumbuka kwamba aliwahi kushindwa, na itaendelea kukumbuka. Sponji akauliza itasahau lini.  Binti alimgeukia wifi, akashusha sauti kidogo.

"Mama, ungekuwa peke yako, ningekupitisha leo hii."

Wazo la talaka halikutoka kwa wifi. Watu mtaani wanamsema vibaya, nami nimeshamsema zaidi yao, lakini hili lilitoka kwa Sponji. Alikuja kwangu jioni ileile anacheka peke yake kama mtu aliyeokota pochi. Nikamwambia amerukwa na akili.

"Karatasi tu, dada," akasema. "Benki inataka karatasi, tunaipa karatasi. Mkopo ukitoka namuoa upya, na safari hii naenda na suti."

Wifi alipoelezwa aliendelea kukunja nguo mpaka kapu likaisha, kisha akasema sawa. Nikaombwa niwe shahidi. Nilibisha, nikagomba, nikanuna, mwishowe nikavaa viatu nikaenda, kwa sababu mdogo wangu aliniangalia kwa jicho lake lile la tangu utotoni.

Kumbe hakimu haachanishi watu wanaopendana. Alitaka kusikia ndoa imeharibika wapi. Sponji alisimama wa kwanza, akakuna kichwa, akasema mke wake anaweka chumvi nyingi kwenye chakula. Watu wakacheka, hata karani. Kisha wifi akaitwa.

Alianza na yale waliyokubaliana nyumbani, kwamba hawaelewani, kwamba kila mtu ana lake. Hakimu akamuuliza hasa ni nini. Wifi akatazama mikono yake, akaanza kueleza. Akaeleza kitanda kilivyotoka na mto ukaanguka barabarani, na jirani akauokota akampa kwa vidole viwili. Akaeleza kwamba tangu siku ile mlango ukigongwa hubana pumzi, hata akigonga mtu wa maziwa. Akaeleza ule mluzi. Alisema kinachomuuma si deni, ni kwamba mwanamume alikuwa akilala ubavuni mwake na kuamka na kupiga mluzi, naye anajua yanayokuja. Hakuinua sauti wala hakulia. Hakuna aliyecheka tena, na hakimu aliandika muda mrefu, kisha akaivunja ndoa.

Tulipotoka, Sponji alikuwa ameduwaa kwa furaha. Akamshika mkewe bega.

"Umeigiza vizuri, mama watoto. Mpaka mimi nikaogopa."

"Twende," wifi akasema. "Jua kali."

Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliuona uso wake, nikajua hapakuwa na maigizo pale, nikamchukia palepale.

Kwa kuwa watu wa benki wangepita kukagua wifi anaishi na nani, Sponji alihamia kwangu. Alilala sebuleni kwenye kochi alilonishonea mwenyewe, fupi kwake, miguu ikining'inia. Ilikuwa iwe wiki chache. Mkopo ukatoka, nyumba ikanunuliwa, na nani aliyeitengeneza kama si yeye? Alipaka rangi, akaziba bati, akafunga kitasa kipya mlango wa mbele. Funguo zote alimkabidhi wifi, hata moja hakubaki nayo, asije mtu wa benki akamkuta nayo. Siku hiyohiyo alipitia kwa fundi cherehani akachukua suti, rangi ya majivu, akaitundika kwenye kabati langu.

Wifi alisema wangojee hati ya nyumba itoke. Ilipotoka akasema wangojee binti yao amalize mitihani, asivurugwe akiwa bweni. Binti akamaliza, akarudi, akapewa chumba chake. Wifi akasema mkataba una kifungu, ndoa ikibadilika benki iambiwe, basi wangojee kidogo. Sponji alikubali kila mara. Kila Jumapili alikwenda kuwaona, akagonga mlango, akasubiri afunguliwe. Alikuwa na namna yake ya kugonga, kwa ukucha wa kidole kimoja, taratibu, ili asimshtue.

Uvumilivu wangu uliisha kabla ya wake. Nilimfuata wifi nyumbani kwake, nikamkuta akipiga pasi sare za kazi. Nikamuuliza bila salamu mume wake atalala sebuleni kwangu mpaka lini.

"Nikikwambia utanichukia, wifi."

"Nimeshaanza."

Akaisimamisha pasi. "Humu ndani mlango ukigongwa, nafungua. Naenda tu, nafungua. Sikujua kama mtu anaweza kuishi hivi. Ndugu yako simchukii, tena namuombea mema. Ila nikimrudisha, nitaanza tena kuusikiliza mlango."

Nikamwambia alilipa kila kitu, nikamtajia barua, nikamtajia zile ndoo za plastiki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua amelipa," akasema. "Amewalipa wao."

Nilitoka bila kuaga.  Nyumbani nilimwambia Sponji, neno kwa neno, nikidhani atapaza sauti angalau mara moja katika maisha yake. Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza. Akaniuliza kama nyumba inavuja, maana mvua zilikuwa zimeanza. Nikasema haivuji. Akairudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi.

Mwezi uliopita wifi alimwita. Si Jumapili, siku ya kazi. Alikuwa amenunua makochi ya mtumba na alitaka yavalishwe upya. Nilikwenda naye kumsaidia kubeba kitambaa, na nikiri, kwa ubishi pia. Sponji alikagua mbao, akabonyeza viti, akapima, akashona na kugongomea mpaka alasiri, pale sebuleni kwenye rangi aliyoipaka mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona akifanya. Kona zilikaa sawasawa, kama shuka za wifi.

Alipomaliza, wifi alisimama na mkoba mkononi.

"Fundi, ni kiasi gani?"

Nilidhani atasema si kitu. Nilitaka aseme si kitu, au atupe nyundo, au aombe walau chai. Sponji alitoa misumari mdomoni ili asikike vizuri, akataja bei. Bei zake nazijua. Hakupunguza hata kidogo, wala hakuongeza. Wifi aliingia ndani, akarudi na pesa kamili, akamshukuru, akatusindikiza mpaka mlangoni. Kile kitasa kilifungwa nyuma yetu kimyakimya, maana Sponji alikipachika vizuri.

Tulitembea nusu ya mtaa. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira na sikujificha. Yeye alikuwa ameshika zile noti mkononi, hajazitia mfukoni.

"Kalipa taslimu, dada," akasema. "Umeona? Mke wangu hadaiwi na mtu."